Mwosha Maiti na Jicho Lisilofumba

Wiki iliyopita niliingia duka moja la Magongo kununua uzi, na mwenye duka alikuwa amefungua kopo la karafuu maiti. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu akaziba pua kwa ncha ya leso, akasema, "Funga hiyo, baba, watuletea mauti dukani." Mimi nilisogea karibu. Nilivuta pumzi mpaka mwenye duka akanitazama kwa huruma, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia la, sijafiwa. Ile ni harufu ya mikono ya mamangu, na mamangu yu hai, yuko Bofu, na pengine saa ile ile alikuwa akigombana na mtu.

Habari hii nimeianza na kuichana mara nyingi. Nikiona neno moja limekaa vibaya, siwezi kulifuta nikaendelea. Lazima nirudi mwanzo wa ukurasa, kwa sababu kiraka nakiona kama udanganyifu. Sikupelekwa skuli. Herufi za kizungu nilijifunza kwenye maboksi ya chai na madebe ya mafuta, peke yangu, na aliyejifunza peke yake hana wa kumwambia basi, imetosha. Utotoni nilikuwa hivyo hivyo kwa udhu: nikinawa, nikitia shaka, nikinawa tena, mpaka maji ya mtungi yakapungua na mama akanipigia kelele. Leo sitachana. Makosa yatakayobaki, yabaki.

Mama alikuwa mwosha maiti. Mwanamke akifa Bofu, au popote upande ule wa Likoni, mtu alikuja kubisha mlangoni petu, na mama alivaa buibui lake, akachukua kikapu chake cha pamba, sabuni na karafuu maiti, akaenda. Hakuwa na mali wala cheo, lakini hata mke wa mwenye duka kubwa hakumpita njiani bila kumwamkia vizuri, maana kila mmoja alijua iko siku. Kazini nilimwona mara moja tu, alipokufa bibi yangu, mamake. Nilichungulia kwenye pazia. Mama alimwekea bibi kiganja juu ya paji la uso, akakishusha polepole, na kilipofika mashavuni macho ya bibi yalikuwa yamefumba. Nikaelewa, kwa nilivyoelewa mimi. Aliye hai hufumba macho yake mwenyewe. Aliyekufa hufumbwa na mtu. Tofauti ya uhai na mauti kwangu ilikuwa hiyo, na sikuona haja ya kumuuliza mkubwa yeyote.

Halafu asubuhi moja mama alikunywa chai na chai ikamtoka upande wa kushoto wa mdomo, ikachuruzika mpaka kwenye leso. Nilicheka. Nilidhani ananichezea, kama alivyozoea kunigeuzia uso nikigoma kula. Akajaribu kusema, "Wacheka nini?" na maneno yakatoka yamelegea. Upande mmoja wa uso wake ulikasirika. Upande wa pili ulibaki kimya, umeshuka, kana kwamba haukusikia. Hapo kicheko kiliniishia.

Baba alikuwa baharia, miezi mingi ya mwaka yuko melini, na neno la mwisho nyumbani lilikuwa la nduguye, tuliyemwita Ami. Ami alikuja, akamtazama mama, akasema, "Lahaula." Nyuma yake alikuja jirani yetu Bi Zainabu, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa mmoja na masikio yake yalikuwa upande wetu. Yeye ndiye aliyetoa hukumu kabla ya mtu yeyote: mama kapigwa kofi na jini. Na si jini hivi hivi. Ni la mmoja wa maiti aliowafumba, ambaye hakutaka kufumbwa.

"Huku acheka na huku alia," Bi Zainabu aliwaambia wanawake kisimani, nami nimesimama pale na ndoo yangu. "Mtu wa nyuso mbili sasa amekuwa kweli."

Mdomo haukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa jicho la kushoto. Halikufumba. Mama akitaka kulifumba, mboni ilipanda juu na weupe ukabaki unatutazama, na watoto wa jirani walikimbia wakipiga kelele za furaha. Baada ya swala ya adhuhuri alijilaza kwenye mkeka kama kawaida yake, akakoroma, na jicho liko wazi. Nilikaa mbele ya jicho hilo. Nilisogea kushoto, nikasogea kulia, nione kama linanifuata. Niliamini kabisa kwamba mama sasa haachi kuniona, na kwa majuma mengi sikuiba hata kipande cha sukari guru.

Tiba zilianza, na ninataka kusema bila kumcheka mtu kwamba wote walitaka apone. Ami alimleta mwalimu wa chuoni, akaandika aya kwa zafarani ndani ya sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, mama akanywa kombe lile hadi tone la mwisho. Shangazi mmoja akampaka wanja wa manga ili jicho lipate nguvu. Kila alipolala walimfunga kitambaa cha leso, kwa kukaza, ili kope ishuke kwa lazima. Kope haikushuka. Jicho lilibaki wazi chini ya kitambaa, na kitambaa kikalisugua. Likawa jekundu. Kisha likaanza kutoa machozi yasiyokoma, na siku moja niliona ukungu mdogo mweupe umeketi pembeni mwa mboni, kama pumzi ya mtu kwenye kioo.

Kufikia hapo hakuna aliyekuwa akibisha mlangoni petu. Wanawake walikufa na wakaoshwa na wengine. Mama alisikia vilio vya nyumba za mbali, akasimama barazani na kikapu mkononi, akangoja, akarudi ndani. Nilimwambia kwamba mtu anaweza kuosha hata kwa jicho moja.

"La, hawezi," alisema mama. "Aliye hai ukimwosha vibaya atakwambia. Maiti hasemi kitu. Lazima mimi nione. Na jicho hili likienda, mwanangu, jingine nalo lishaanza kuchoka. Wataka nikae kwenye kigoda nilishwe?"

Hapo ndipo nilipojua tunachopigania. Hakupigania uzuri. Alikuwa mwanamke mzuri na alijua, na uzuri ule aliuacha uende bila hata kuuaga. Alitaka jicho lake lione.

Siku ya pili yake tulivuka feri mimi na yeye, bila kumwambia mtu. Nyinyi mliokua wakati mmoja nami mnakumbuka jinsi watu walivyobanana pale wakingoja mlango wa chuma ushuke, na jinsi wanaume walivyobishana juu ya Mwambao, sisi watu wa pwani tutakuwa wa nani uhuru ukija. Mama alikuwa amejifunika buibui mpaka machoni. Mtu mmoja aliyeona lile jicho jekundu likichungulia aliacha kubishana, akasogea.

Hospitali kule kisiwani ilinuka dawa ya kupigia sakafu. Daktari alikuwa Mzungu mwembamba, mwenye madoa ya jua mikononi, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamuru tu: kaa, tazama, funga, fungua. Aliyetufasiria alikuwa nesi wa Kigiriama aliyeitwa Kadzo, mwanamke mpana, mcheshi, msalaba mdogo wa fedha shingoni. Daktari aliuinua uso wa mama kwa vidole viwili, akamulika jicho, akasema maneno mengi. Kadzo akayafupisha.

"Bi mkubwa, si jini. Ni mshipa wa uso umepooza. Huenda ukaamka, huenda usiamke. Lakini jicho haliwezi kungoja. Lakauka. Jicho lisilofumba ni kama samaki aliyeanikwa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo atalifumba yeye. Atashona kope ya juu na ya chini hapa pembeni, upande wa sikio. Kidogo tu. Nafasi ya kuona itabaki, lakini jicho litakuwa dogo, na hiyo kope iliyobaki itaweza kulifunika. Mshipa ukija kuamka, atafumua."

Mama aliuliza kama uzi utaonekana. Kadzo akasema utaondolewa baada ya kope kushikana. Mama akauliza kama atalazwa usingizi. Kadzo akasema la, atapigwa sindano ya ganzi na atasikia kila kitu isipokuwa uchungu. Mama akafikiri, akasema, "Vyema. Nami nataka kusikia."

Mimi sikusikia chochote baada ya neno moja. Atalifumba. Yule Mzungu mwenye mikono ya madoa atamfumba macho mamangu. Nilirudi kwenye feri nimeshika buibui lake kwa mikono miwili, nimekaza, na mama akadhani naogopa maji.

Ami alijua kabla hatujavua viatu, maana Likoni ilikuwa na macho mengi yaliyofumba na kufumbua vizuri kabisa. Alisimama mlangoni, hakukaa.

"Nasikia wataka kushonwa."

"Ndiyo, shemeji."

"Kope ya mtu aliye hai hufumba kwa usingizi na hufumbua kwa alfajiri. Nani kakwambia yashonwa? Na ndugu yangu akirudi nimwambie nini? Kwamba nilimwacha mkewe aende akaguswe uso na mwanamume wa Kizungu, akarudi na jicho la paka?"

"Mwambie nilikuwa na jicho na nikataka kubaki nalo."

"Mishi, ukivuka hiyo feri, mimi simo. Ukipofuka, simo. Watu wakikucheka, simo."

Mama alikuwa akivua ukaya wake wa kichwani. Alimaliza, akaukunja vizuri, ndipo akajibu. Kwa sababu ya mdomo ule alilazimika kusema polepole, na hilo lilifanya kila neno liwe zito.

"Basi usiwemo, shemeji. Feri ni ya serikali na jicho ni langu."

Sijawahi kumsikia mtu akimjibu Ami hivyo. Nilitamani kushangilia. Lakini nilikuwa na siri yangu tumboni, kwamba kwa mara ya kwanza nilikuwa upande wa Ami, si kwa sababu zake bali kwa sababu yangu. Sikumwambia. Nilinawa udhu mpaka vidole vikakunjamana, nikaomba Mungu amfishe daktari badala yake.

Siku ilipofika daktari alikuwa mzima kabisa, amevaa aproni nyeupe. Tulikaa kwenye benchi refu. Kadzo alikuja, akasema, "Haya, bi mkubwa, twende," na mama akasimama. Hapo ndipo nilipopasuka. Nilimshika Kadzo kwenye mkanda wa gauni lake nikapiga kelele ambazo nadhani zilifika gatini.

"Hajafa! Mamangu hajafa! Msimfumbe! Hajafa!"

Wagonjwa wote waligeuka. Daktari alitoka mlangoni, akauliza kitu. Kadzo hakuwa na la kumfasiria, maana hata yeye hakuelewa. Mama peke yake ndiye aliyeelewa. Niliiona fahamu ile ikimfikia kwenye ule upande wa uso uliobaki hai. Alirudi akakaa kwenye benchi, mbele ya watu wote, akanivuta katikati ya magoti yake.

"Ulinichungulia siku ya bibi?"

"Abee."

"Hm. Nitazame. Ulipokuwa mchanga ulikuwa hulali. Wakaa macho wazi kama kinda, walia, wanitazama. Wajua nilifanya nini?"

Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, kile kile, chenye harufu ile ile ya karafuu maiti isiyotoka hata akikisugua kwa ndimu. Nilitaka kukimbia. Akakishusha polepole. Kope zangu zikashuka nacho. Giza likaja, la joto, la ngozi ya mamangu, na ndani ya giza lile nikausikia moyo wangu mwenyewe ukigonga kama mtu anayetaka kufunguliwa.

"Umekufa?" aliniuliza.

"Sijafa."

"Nilikufumba hivi mpaka ukaota meno. Basi nami leo niache nifumbwe. Nimechoka kukaa macho."

Akasimama, akamwambia Kadzo, "Twende, mama, kabla hajabadili nia huyo Mzungu wenu." Mlango ukafungwa. Mzee mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta alinipa ubuyu niliotafuna bila kuhisi ladha.

Mama alitwambia baadaye kwamba aliusikia uzi ukipita, sauti ndogo kama ya mtu anayetembea kwenye mchanga, na kwamba hakuogopa ila pale daktari alipoanza kuimba chini kwa chini. "Niliogopa atasahau pa kukomea."

Kitambaa kilipoondolewa, jicho lilikuwa dogo kweli. Pembe ya nje ilikuwa imeungana, na lililobaki lilikaa kama mlango uliorudishwa ukaachwa wazi kidogo. Si zuri. Sitadanganya ili niwapendeze wasomaji. Mdomo nao ulibaki vile vile, na mshipa haujaamka hata leo. Lakini adhuhuri ile ya kwanza mama alijilaza kwenye mkeka, akashusha kope, na kope ikafika chini. Nilipiga magoti nikamtazama kwa karibu mpaka pumzi zetu zikagongana. Hakukuwa na weupe unaonitazama. Jicho lilikuwa limelala. Polepole wekundu ulikwisha, na ukungu ule ulibaki mdogo pembeni, haukuongezeka tena. Alitunga uzi kwenye sindano mbele yangu, kwa jicho lile tu, huku la pili kalifunika kwa mkono, na uzi ulipoingia alinipiga kofi la bega kana kwamba mimi ndiye niliyebisha.

Wengine walikuwa na maneno yao. "Kashonwa kama gunia la mbata," alisema Bi Zainabu kisimani. Na lile lililoumiza zaidi: mwosha aliyefumbwa na kafiri, maiti gani Mwislamu atakubali kufumbwa naye? Hakuna chuo kilichofundisha jambo hilo. Lilitungwa Bofu, likaaminiwa Bofu. Mlango wetu ulibaki haubishwi.

Halafu akafa mamake Bi Zainabu.

Tulisikia kilio kupitia ukutani, alfajiri, na jua lilipopanda tulisikia pia kwamba mambo hayaendi. Mwosha mwingine alikuwa amekwenda msibani Kwale. Wanawake wawili wazee waliingia na kutoka, wakanong'ona. Mama alisikiliza akiwa anapepeta mchele. Aliuweka chini uteo. Akachukua kikapu.

"Hujaitwa, mama," nilisema. Mimi nisipoitwa siendi hata peponi.

"Ukuta umeniita," alisema. "Njoo unibebee sabuni."

Bi Zainabu alikuwa amekaa kizingitini, nywele nje, macho yamevimba. Nyuma yake wanawake walijaa chumba cha mbele. Alipomwona mama alinyoosha mkono akashika mwimo wa mlango.

"Hukuitwa, Mishi."

"Najua."

"Mamangu hataoshwa na..."

Mama akaweka kikapu chini. Akafungua buibui lake kichwani, akaliteremsha mpaka mabegani, akausimamisha uso wake kwenye jua. Mdomo uliopinda, shavu lililolala, jicho lililoshonwa. Hakuna aliyekuwa ameuona wote pamoja kwa mwanga kama ule, hata mimi.

"Nitazameni," alisema. "Nyote. Tazameni mshibe, nimewaleteeni bure. Hili ndilo jicho, na hapa ndipo liliposhonwa, na laona. Lawaona mmoja mmoja. Zainabu, mamako yuko ndani macho yake yako wazi tangu alfajiri, na kila saa inayopita yanakuwa magumu, na hao wote waliojaa humo wamemwogopa. Mimi simwogopi. Sasa nipishe, ama unambie mbele ya watu kwamba wataka azikwe hivyo."

Nilikuwa nimeibana sabuni mpaka kucha zikaingia ndani yake. Bi Zainabu hakuomba radhi, wala sijasikia kwamba amewahi kuomba. Aliuachia mwimo. Akainama, akachukua ndoo ya maji iliyokuwa kando yake, akampa mama.

Nilikaa nje ya pazia, na safari hii sikuchungulia. Nilisikiliza maji yakimiminika, yakinyamaza, yakimiminika tena, na sauti ya mama ikisema bismillahi kwa mdomo wake uliopinda, kila herufi akiitafuta mahali pake. Wanawake mmoja mmoja waliacha kunong'ona, wakaanza kufukiza udi.

Alipotoka jua lilikuwa kichwani. Buibui lilikuwa bado mabegani. Nilimkumbusha kwa kumvuta, maana njia ya kurudi ilipita mbele ya baraza walipokaa wanaume wa msiba, na Ami alikuwa kati yao, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha hadi katikati ya njia.

"Shemeji," Ami alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Jifunike uso."

Mama alisimama mbele ya miguu ile.

"Nimefanya kazi tangu asubuhi, shemeji, na kuna joto. Nataka upepo."

Wanaume walitazama mikeka yao. Ami akavuta miguu, tukapita.